Nilikwenda kumzuia Baba asicheze gofu, nikaishia kubeba begi lake

Mzazi mwenzangu, kama una baba au mama aliyestaafu, huenda umewahi kukaa kwenye kikao cha simu kama chetu. Tumezaliwa wanne. Kaka mkubwa yuko Dodoma, dada yuko Mwanza, kaka mwingine yuko Nairobi, na mimi kitinda mimba nimebaki Dar es Salaam, dakika ishirini kutoka nyumbani kwa Baba.

Mama alikuwa amefariki miezi saba nyuma. Baba, mwenye umri wa miaka 74 na presha ya siku nyingi, alikuwa ameteleza bafuni mara moja na kukwaruza gari mara mbili. Kikao kikaamua: aache kuendesha, na aache zile safari zake za gofu. Kazi ya kumwambia nikapewa mimi, kwa kuwa niko karibu.

Nilimkuta barazani akisugua viatu vyake vya gofu kwa mswaki wa zamani. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama alivyokuwa akiwasikiliza mafundi wake enzi zile za karakana ya reli. Kisha akasema, "La gari nimelikubali. Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri uje unichukue."

"Twende wapi, Baba?"

"Gofu. Si mmesema nisiendeshe? Basi utaniendesha wewe."

Nikajiambia, sawa, nitakwenda mara moja. Nitaona hatari kwa macho yangu, kisha nitarudi kwenye kikao nikiwa na ushahidi. Badala yake nilizunguka naye msimu mzima wa 2024.

Februari: Gymkhana

Uwanja wa Gymkhana uko katikati ya jiji, upande wa baharini, karibu na Barabara ya Barack Obama, ile ambayo kabla ya 2013 wote tuliiita Ocean Road. Nimepita pale tangu niko shule ya msingi. Nilikuwa naona nyasi, yangeyange wakitembea juu yake, na watu wachache kwa mbali wakivuta mabegi. Sikuwahi kufikiri kwamba mmoja wa watu wale wa mbali angekuwa baba yangu.

Asubuhi ile walikuwa kumi na mmoja, wanaume tisa na wanawake wawili. Hawana jina rasmi, hawana ofisi, hawana fulana za sare. Masharti yao ni mawili tu. La kwanza, uwe umetimiza miaka 60, umri ambao mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima. La pili, mchango wako wa mwezi uwe umefika kabla ya tarehe tano. Mchango huo ndio unaolipia viwanja, usafiri na chakula cha mchana, ili anayeishi kwa pensheni peke yake asione aibu mbele ya mwenye nyumba za kupangisha.

Wanaitana kwa kazi walizoziacha. Kuna Mwalimu, mwenye miaka 78, mkubwa kuliko wote. Kuna Kanali, Daktari na Mhandisi. Kuna Mama Benki, ambaye mwaka ule alikuwa kapteni. Baba wanamwita Reli.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakaitikia kwa pamoja, na Mama Benki akaniuliza swali ambalo nimekuja kulizoea: "Mwanangu, umekunywa chai?"

Kama wewe nawe gofu huiona kwenye televisheni tu, ni mchezo wa kuupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie kwenye shimo, halafu unakwenda shimo linalofuata, hadi yatimie mashimo 18. Kila pigo, au mkwaju kama wachezaji wanavyouita, linahesabiwa. Mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Ukitembea uwanja mzima kwa miguu, unaweza kumaliza kilomita nane hadi kumi.

Kinachowawezesha wazee kushindana na vijana ni handikapu. Hii ni idadi ya mikwaju unayopunguziwa kulingana na uwezo wako. Mwenye nguvu hupunguziwa michache, asiye na nguvu hupunguziwa mingi. Mzee wa miaka 74 anaweza kucheza na mjukuu wa miaka 20 na wote wakawa na nafasi halali ya kushinda. Sijui mchezo mwingine wowote wa nje ambao ungemruhusu Baba hivyo.

Lakini wazee hawa wana jambo jingine wanalolipenda zaidi. Hawahesabu mikwaju yote ya mzunguko. Wanatumia utaratibu wa pointi uitwao Stableford, kwa jina la Frank Stableford, daktari wa Kiingereza. Mashindano ya kwanza ya namna hiyo yalifanyika mwaka 1932 katika klabu ya Wallasey, Uingereza. Mwalimu alinieleza kwa sauti ya darasani:

"Kwa hesabu ya kawaida, ukiharibu shimo moja, ukapiga mikwaju kumi na miwili, siku yako imekwisha. Unatembea na ile kumi na mbili mpaka jioni. Kwa Stableford, ukiharibu shimo unapata sifuri. Unaokota mpira wako, unakwenda shimo linalofuata. Lile la nyuma halikufuati."

Kwenye shimo la nne nikaona maana yake. Mpira wa Baba uliingia kwenye shimo la mchanga. Akapiga mara ya kwanza, ukabaki. Mara ya pili, ukabaki. Mara ya tatu mchanga ukaruka, ukamjaa kwenye kofia, mpira ukabaki pale pale. Akauokota, akaufuta kwa shati, akacheka kwa sauti mpaka Kanali akageuka kutoka mbali.

Tangu mazishi ya Mama sikuwa nimesikia kicheko kile. Sikukitaja kwa ndugu zangu. Haukuwa ushahidi niliotumwa kuutafuta.

Baadaye kidogo nilisikia ugomvi mkubwa kuliko wote wa siku ile. Tangu 2019 sheria za gofu zinampa mchezaji dakika tatu za kutafuta mpira uliopotea, badala ya tano za zamani. "Macho yamepungua," alilalamika Mhandisi akiwa ameinama kwenye majani, "na dakika nazo wamezipunguza!"

Machi: Lugalo

Ushahidi niliokuwa nautafuta niliupata Lugalo.

Ukipita Mwenge kuelekea Tegeta, ndani ya kambi ya jeshi, kuna uwanja wa gofu wa mashimo 18. Unapita getini, unaeleza unakokwenda, unaingia. Askari mmoja kijana alipomtambua Kanali alisimama wima na kupiga saluti. Kanali, ambaye ndani ya gari alikuwa mzee anayelalamikia magoti, alinyooka kama fimbo, na akabaki amenyooka hivyo mpaka shimo la sita.

Unalijua joto la Dar es Salaam la Machi, kabla masika haijaanza. Saa nne asubuhi jasho lilikuwa linatiririka hata kwa aliyekaa kivulini. Kwenye shimo la kumi na mbili Baba aliacha kutembea. Akalishika shina la mti, kisha akakaa chini polepole, uso umepauka.

Nilikimbia. Njiani tayari nilikuwa natunga maneno ya kuwaambia ndugu zangu: nimeona, imekwisha, leo ndiyo mwisho.

Nilipofika, Mhandisi alikuwa amekwisha kumlaza kivulini na kumwinulia miguu. Daktari alikuwa amepiga goti, mkono wake kwenye kifundo cha mkono wa Baba, na kedi, yaani kijana anayebeba begi, alikuwa anakuja mbio na chupa ya maji na kitambaa kibichi. Hakuna aliyepiga kelele. Mhandisi akachomoa kwenye begi la Baba kadi iliyofunikwa kwa plastiki na kumsomea Daktari: majina ya dawa zote za Baba, saa anazomeza, namba yangu ya simu na ya kaka.

"Reli," Daktari akauliza kwa upole, "umekunywa maji saa ngapi?"

Baba akanitazama kwanza mimi, kisha akatazama chini. "Jana jioni."

Dawa yake moja ya presha humfanya aende haja ndogo mara kwa mara. Aliona haya kutafuta choo uwanjani mbele ya bintiye. Kwa hiyo alimeza dawa, akaacha maji, akatoka nyumbani na kikombe kimoja cha chai, ambacho nacho hakukimaliza.

Alipopata nafuu, tulimpeleka hospitali kwa uhakika. Akaongezewa maji, akapimwa moyo, akaruhusiwa jioni. Daktari wetu alikaa naye muda wote, bado na viatu vya gofu miguuni.

Usiku ule tulikuwa na kikao cha simu. Nilieleza kila kitu. Dada akasema kwa machozi kwamba hilo ndilo aliloliogopa. Kaka mkubwa akasema mjadala umefungwa. Hapo nikauliza swali lililokuwa linanikereketa tangu mchana: "Nani kati yetu anajua majina ya dawa za Baba?"

Simu ikawa kimya.

Hata mimi ninayeishi dakika ishirini sikuwa nayajua. Mhandisi, ambaye si ndugu yetu, alikuwa nayo kwenye mfuko wa begi. Nikawaambia pia nililolijua wakati tunasubiri majibu hospitalini. Kila mmoja katika kundi lile ana pacha wake. Pacha humpigia mwenzake kila siku saa mbili usiku, kumkumbusha dawa au kumtania tu. Pacha wa Baba ni Mhandisi, na kwa miezi minane simu ya kwanza kujua kwamba Baba halali usiku haikuwa simu ya mtoto wake hata mmoja.

Hatukuufunga mjadala. Tulikubaliana kwamba Baba acheze mashimo tisa tu, asicheze jua likiwa kali, na maji awe nayo kwenye begi. Nilipompelekea masharti hayo, aliniambia Mama Benki ameshamtumia masharti yale yale asubuhi.

Je, gofu ni dawa?

Nilikwenda kusoma, maana mimi ni mtu wa kutaka kujua. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Uswidi waliwahi kuchambua kumbukumbu za wachezaji gofu 300,000 wa nchi hiyo. Walikuta vifo miongoni mwao ni pungufu kwa asilimia 40 ukilinganisha na watu wengine wa umri, jinsia na hali ya maisha inayofanana. Utafiti ulichapishwa mwaka 2009.

Nilimwonyesha Daktari. Akatabasamu. "Usiwaambie wenzako kwamba ni fimbo zinazoponya," alisema. "Huenda wenye afya ndio wanaobaki kwenye gofu. Lakini mzee anayetembea kilomita tano kwenye hewa safi, anayetarajiwa mahali fulani Jumamosi, na ambaye asipotokea atatafutwa, huyo ana nafuu. Hata angekuwa anacheza bao."

Neno hilo, kutarajiwa mahali, lilinibaki. Tangu Baba astaafu tulikuwa tumempa vitu vingi. Tumemnunulia televisheni kubwa, tumemwekea msichana wa kazi, tunamtumia hela ya umeme. Hatukuwahi kumpa mahali pa kutarajiwa. Alipokuwa na Mama, alitarajiwa nyumbani. Mama alipoondoka, zilibaki Jumamosi hizi, na sisi tulitaka kuzichukua.

Agosti: Morogoro kwa treni

Masika ilipita, viwanja vikakauka, na safari iliyofuata niliyokwenda nao ilikuwa ya Morogoro. Treni ya SGR ilikuwa imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro miezi miwili tu nyuma, Juni 2024, na wazee walikuwa wameisubiri kama watoto wanavyosubiri Idi.

Sheria ya gofu inamruhusu mchezaji kuwa na fimbo zisizozidi 14. Mama Benki aliamuru kila mtu abebe saba. "Mnaingia kwenye treni, hamhami nyumba," alisema. Basi asubuhi ile kituoni ungeona wazee kumi na mmoja na mabegi mepesi begani, wakisukumana kugombea viti vya dirishani.

Baba alipata chake. Kuanzia Pugu hadi Ruvu hakusema neno. Alikuwa anaitafuta reli ya zamani. Reli ile ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907. Baba aliifanyia kazi miaka 31, mingi ikiwa hapo hapo Morogoro, kwenye karakana ya vichwa vya treni. Mimi nilizaliwa mji huo.

"Hapa tulikuwa tunafika saa ngapi?" Mama Benki akamuuliza.

"Ikitegemea," Baba akajibu. "Mara nyingine tulifika kesho yake."

Walicheka. Kisha, treni ikikimbia kwa umeme na vichaka vikipita dirishani, akaanza kumsimulia habari za Mama. Kichwa cha treni kikichelewa kutengenezwa, yeye alilala karakanani, na Mama alikuja alfajiri na uji kwenye chupa ya chai, mimi nikiwa mgongoni. Walinzi walimjua, wakawa wanamfungulia geti bila kumuuliza.

Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma yao. Nina miaka 39, na habari ile ilikuwa mpya kwangu. Nyumbani, kila nilipomtaja Mama, Baba aliwasha redio. Nilidhani hataki kumzungumzia. Kumbe hakutaka kumzungumzia na watu ambao wangelia.

Kabla saa mbili hazijatimia tulikuwa Morogoro. Uwanja wa gofu uko chini ya milima ya Uluguru, na Agosti hewa ikiwa kavu unaiona milima yote, mabonde yake na mashamba yaliyopandishwa juu kwa juu. Vijito vya milima ile ndivyo vinavyoujaza Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaotunywesha watu wa Dar es Salaam. Mwalimu alinihubiria hayo akiwa amesimama na fimbo mkononi, zamu yake ya kupiga imefika, wenzake wanamsihi amalize jiografia apige mpira.

Mwalimu mwenyewe alikuwa na jambo lake mwaka ule. Kwa wachezaji wazee kuna heshima moja kubwa kuliko kikombe chochote, nayo ni kupiga umri wako: kumaliza mashimo 18 kwa mikwaju sawa na miaka yako, au pungufu. Mmarekani Sam Snead alifanya hivyo kwenye mashindano ya wachezaji wa kulipwa mwaka 1979. Akiwa na miaka 67 alipiga 67, na kwenye raundi ya mwisho ya mashindano hayo akapiga 66. Mwalimu alihitaji 78. Morogoro alipata 84, akasema kosa ni la milima, imemvuta macho.

Baba alicheza mashimo tisa kama tulivyokubaliana. Aliyobaki alitembea bila fimbo, chupa ya maji mkononi, akimshikia Mhandisi bendera ya shimo. Nilidhani ataona uchungu. Jioni kwenye treni nikamuuliza.

"Nimepata sifuri kwenye mashimo tisa," akasema. "Unaokota mpira, unaendelea."

Desemba: Moshi

Watu wa Kilimanjaro tunajulikana. Ikifika Desemba, hata aliyeko mbali vipi anarudi nyumbani. Wazee nao walipanga hivyo. Kwa kuwa watatu kati yao wanatoka kule na wangekwenda tu, mashindano ya kufunga msimu yakawekwa Moshi, siku chache kabla ya Krismasi. Ndugu zangu wote wanne tulikuwa nyumbani Kibosho, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Mama.

Niliamka saa kumi na moja nimpeleke Baba. Nikamkuta kaka mkubwa ameshakaa kwenye gari. "Nataka kuwaona hao watu," alisema. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka kumi, akajipenyeza kiti cha nyuma kabla hajakatazwa.

Ukiwa kwenye uwanja wa Moshi alfajiri, Kibo inasimama juu yako nyeupe na wazi. Baada ya saa mbili au tatu mawingu yanaifunika, kwa hiyo wenyeji hutazama mapema. Baba aliitazama kidogo, kisha akatazama nyasi.

"Hapa ndipo nilipoanzia," akasema.

Mwaka 1962, akiwa na miaka 12, alikuwa akishuka kutoka Kibosho kwa miguu kila Jumamosi kuja kubeba mabegi ya wachezaji. Wengi walikuwa wazungu, wakulima na watu wa serikali. Fimbo alizibeba miaka miwili bila kuruhusiwa kupiga hata mpira mmoja. Hela aliyopata ilimnunulia viatu vya shule, na iliyobaki alimpelekea Bibi. Aliishika fimbo kama mchezaji baada ya kupita miaka 40, karibu na kustaafu, tena fimbo za mtumba.

Hapo nikaelewa kwa nini Baba hamwiti kedi "wewe kijana". Anamuuliza jina, anamsalimia, na kabla ya kupiga anamuomba ushauri.

Mwanangu alikuwa amesikia yote. Akalikimbilia begi la babu yake, akalipachika begani, likamfika magotini. Baba akamzuia.

"Hapana," akasema. "Mimi nilianza kwa kubeba. Wewe utaanza kwa kupiga."

Akamchagulia fimbo fupi, akasimama nyuma yake, akaishika mikono yake. Mpira wa kwanza haukuguswa. Wa pili ulisogea hatua tatu. Wa tatu ulipanda juu, ukaenda, na mtoto akapiga kelele mpaka Kanali akaweka kidole mdomoni. Begi likawa limebaki chini. Nililibeba mimi, mashimo yote tisa.

Mwalimu alipiga 81. Tulimpa pole. "Pole ya nini?" akauliza. "Mwakani nitakuwa na 79. Umri unanisogelea wenyewe."

Mchana wote walipanda nasi hadi Kibosho, magari matatu yakipita katikati ya migomba. Sikuwa nimewaalika, na Baba hakuwa amenieleza. Kabla ya kukaa, walikwenda nyuma ya nyumba kwenye kaburi la Mama. Mama Benki aliweka maua. Mhandisi alivua kofia. Hakuna aliyetoa hotuba. Walisimama pale na Baba, kumi na mmoja wakizunguka kaburi moja, kisha wakaja kunywa mtori, na mbege kidogo kwa ambao Daktari aliwaruhusu.

Dada alikuwa ananitazama kutoka mlangoni mwa jiko. Yeye ndiye aliyelia kwenye simu mwezi wa Machi. "Hawa wote wanamjua Mama?" akaniuliza.

"Wanne tu ndio walimwona," nikamjibu. "Wengine Baba amewasimulia."

Kikao cha mwisho

Usiku ule, wageni walipoondoka, tulikaa jikoni sisi wanne. Hakuna aliyesema gofu iachwe. Kaka mkubwa aliuliza tu msimu wa 2025 unaanza lini.

Mzazi mwenzangu, sikuandiki haya ili umnunulie mzee wako fimbo za gofu. Huenda wake anapenda kwaya, bao, bustani au kikundi cha mazoezi cha mtaani. Ninachokuomba ni mambo ambayo wazee hawa walinifundisha bila kunihubiria. Mwekee mzee wako tarehe anayoijua mapema, aisubiri. Hakikisha yupo mtu wa rika lake anayempigia kila siku. Andika dawa zake kwenye kadi, na wewe mwenyewe uzijue. Muulize kama anakunywa maji, na usikubali jibu la "nakunywa" bila kujua choo anakiendea wapi. Na mara mojamoja nenda naye, ukae kiti cha nyuma, usikilize anavyozungumza na wenzake.

Kalenda mpya sasa iko ukutani sebuleni kwa Baba, tarehe zimezungushiwa wino mwekundu. Chini ya kila tarehe kuna jina la dereva. Mimi nimepewa Gymkhana na Lugalo. Kaka wa Nairobi atakuja kwa ajili ya Moshi, na dada amechukua jukumu la kusasisha kadi ya dawa. Kaka mkubwa ameomba Morogoro. Atapanda treni kutoka Dodoma, Baba atapanda kutoka Dar es Salaam, watakutana kituoni.

Baba ameshamwonya asichelewe. Gari moshi, amemwambia, siku hizi halimsubiri mtu.